Zilizopendwa na Zisizosikilizwa

Waswahili wana methali mbili ambazo ukiziweka katika chungu kimoja zitagombana hadi asubuhi. Ya kwanza husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili hutuambia kuwa ya kale ni dhahabu. Tangu nikiwa kidato cha kwanza nimezitumia zote mbili katika insha, kila moja kwa siku yake, na mwalimu akanitilia alama ya vyema pande zote. Lakini mwaka huu nimekutana na jambo ambalo methali zote mbili zimelikimbia. Jambo lenyewe ni wimbo mpya wa mwimbaji mzee. Kwa kuwa ni wa mzee, vijana hawauoni kuwa kinyemi. Kwa kuwa ni mpya, wazee wenzake hawauiti dhahabu. Basi unabaki katikati kama yatima. Kwa nini? Hilo ndilo swali linalonikosesha usingizi, na naomba tulijadili pamoja.

Mwimbaji ninayemzungumzia ni marehemu Joseph Kamaru. Hapa kwetu Theta, kati ya Ruiru na Thika, si rahisi kupata nyumba yenye mzee ambaye hamjui. Kwa wenzangu mliotoka sehemu nyingine za nchi, nitasema kwa ufupi. Kamaru alizaliwa mwaka 1939 huko Kangema, Murang'a. Mwaka 1957 alifika Nairobi kutafuta riziki kama vijana wengi wa wakati ule, akafanya kazi za nyumbani, akajinunulia gitaa. Katika miaka ya 1960 jina lake likaanza kuvuma. Wimbo "Celina", aliouimba na dada yake Catherine Muthoni, ulipendwa kupita kiasi. Mwingine, "Ndari ya Mwarimu", ulihusu mwalimu na msichana wa shule, na uliwaudhi walimu wengi wa siku hizo (walimu wetu watanisamehe kwa kuukumbusha!). Mwaka 1975, mwanasiasa J. M. Kariuki alipouawa, Kamaru alimtungia wimbo wa maombolezo wakati ambapo wengi waliogopa hata kulitaja jina lake hadharani. Kwa kifupi, alikuwa malenga wa Kikuyu mwenye gitaa, mtu wa mafumbo na methali.

Kisha ukafika mwaka 1993. Kamaru akatangaza kuwa ameokoka. Bendi yake, Kamaru Super Stars, akaivunja, akaanza kuimba nyimbo za injili. Mashabiki walishika vichwa. Kutoka mwaka ule hadi alipofariki tarehe 3 Oktoba 2018 ni miaka 25. Hebu fikiri, miaka 25! Ni zaidi ya umri wa mwanafunzi yeyote hapa shuleni. Miaka ya baadaye alionekana tena jukwaani akiimba zile za zamani, na watu wakafurahi. Lakini zile alizozitunga uzeeni, ni nani anayeweza kutaja tatu bila kukuna kichwa?

Nakumbuka wiki aliyofariki. Nilikuwa shule ya msingi. Redio ya nyumbani ilimlilia kuanzia alfajiri hadi usiku, wimbo baada ya wimbo, na guka wangu alikaa kando yake kama mtu aliyefiwa na kaka. Kila wimbo guka aliutajia mwaka wake. Hakuna hata mmoja alioutajia mwaka uliopita 1993. Siku hizo sikuligundua hilo. Nililigundua mwaka huu, nilipopanga sanduku lake la kanda. Kanda za Kamaru ni kumi na saba. Kumi na sita ni za zamani, zimesikilizwa hadi maandishi yamefutika. Moja ni ya injili, na hiyo si ya guka, ni ya cucu. Maandishi yake bado yanang'aa.

Nikamwuliza, "Guka, mbona hii haijachakaa?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, Kamaru wangu ni yule wa kwanza. Huyu wa pili ni wa nyanya yako."

"Na ni mbaya?"

"Kwani nimesema ni mbaya? Sijaisikiliza vizuri."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana sababu ambayo watu huitoa haraka ni kwamba mzee ameishiwa. Husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huenda ni kweli kwa baadhi ya waimbaji. Umri huchosha sauti, na sifa hulevya. Lakini huwezi kusema tembo lina maji kabla ya kulionja. Wengi wetu hatujaonja. Kwa hivyo lazima kuna sababu nyingine, na mimi nimezipata kadhaa.

Ya kwanza ni kumbukumbu. Guka alikutana na cucu katika dansi mjini Thika, bendi ikipiga nyimbo za Kamaru. Alipopata mshahara wake wa kwanza katika shamba la kahawa, alinunua santuri kabla ya kununua viatu. Akiusikia wimbo wa siku hizo, hasikii gitaa peke yake. Anajisikia yeye mwenyewe akiwa na miaka ishirini na magoti yasiyouma. Wimbo mpya utampa nini cha kulingana na hayo? Hata uwe mtamu namna gani, haujawahi kwenda naye popote.

Sababu ya pili ni redio. Nyote mnalijua neno zilizopendwa. Kila kituo kina kipindi chake cha namna hiyo. Ni neno zuri, lakini litazameni kisarufi kama tunavyofundishwa darasani. Hapo katikati kuna "-li-", wakati uliopita. Zilipendwa, zikaisha kupendwa, sasa zinakumbukwa. Mwimbaji mzee akipeleka wimbo mpya kituoni, utachezwa wapi? Katika zilizopendwa hauwezi kuingia, maana bado haujapendwa. Katika vipindi vya muziki mpya wanataka vijana. Mlango wa nyuma umefungwa na wa mbele umefungwa. Na Kamaru aligeuza muziki wake wakati mbaya. Mwaka 1993 tulikuwa bado na shirika moja la redio, KBC. Kameme FM, kituo cha kwanza cha binafsi kilichotangaza kwa Kikuyu, kilianza mwaka 2000. Kufikia hapo, vijana wa mjini walikuwa na wasanii wao wa kurap, kina Kalamashaka na Hardstone, na hakuna aliyekuwa akimngoja mzee.

Ya tatu ni biashara. Zamani mtu alinunua santuri, na kuigushi haikuwa kazi ya mtu mmoja mwenye meza. Zilipokuja kanda, mambo yaliharibika. Pale River Road jijini Nairobi watu walinakili kanda za wenyewe na kuziuza kwa bei ya kutupa, mwenye jasho asipate kitu. Lakini angalieni ujanja wa mwizi huyu. Yeye hanakili kila wimbo. Hunakili ule ambao tayari watu wanautafuta. Kwa hivyo wimbo wa zamani uliibwa ukaenea hadi vijijini, na wimbo mpya haukuibwa wala haukununuliwa. Nimecheka nilipofikiria hivyo, kisha nikahuzunika. Kumbe kuna umaskini wa kukosa hata wa kukuibia!

Ya nne inaonekana kila Jumamosi usiku hapa Juja na Ruiru. Mugithi. Mpiga gitaa mmoja, kipaza sauti kimoja, na watu wamejipanga mstari kama gari la moshi. Mpigaji huyo hutegemea noti anazotuzwa na wateja. Nani atamtuza kwa wimbo asioujua? Ndiyo maana anazipiga zile zile za Kamaru na wenzake, ambazo hata mlevi wa mwisho kwenye kona anaweza kuziitikia. Mugithi umezihifadhi nyimbo za wazee, na tuushukuru. Ila umezihifadhi hadi mwaka fulani tu, halafu ukafunga kabati.

Sababu ya tano inamhusu Kamaru hasa. Alipookoka, wapenzi wake wa baa hawakumfuata kanisani. Na kule kanisani walikuwapo waimbaji wao, tena waumini wengine walikumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kuwa na maonyesho ya watu wazima tu. Akawa kama mtu aliyeuza shamba la kwao kabla ya kupata hati ya shamba jipya. Na hakuwa wa kwanza duniani. Bob Dylan wa Marekani alipookoka, mwaka 1979, alianza kufanya maonyesho ya nyimbo za injili peke yake, na baadhi ya waliolipa kiingilio wakamzomea, wakitaka zile za zamani. Hata wale wazee wa Uingereza, Rolling Stones, walitoa albamu mpya mwaka 2023, lakini ni nani anayekwenda kwenye onyesho lao bila kuungojea wimbo "Satisfaction", wa mwaka 1965? Kwa hivyo si ushamba wetu wa Kenya. Ni ugonjwa wa dunia nzima.

Hapa nyumbani pia Kamaru ana wenzake. Fadhili William alirudi nchini katika miaka ya 1990 baada ya kuishi Marekani kwa miaka mingi. Hadi alipofariki mwaka 2001, jina lake liliandamana na "Malaika" kama kivuli. Them Mushrooms kutoka pwani walirekodi "Jambo Bwana" mwaka 1982. Wametunga nyimbo nyingine chungu nzima, lakini mgeni akishuka kwenye ndege anataka huo huo. Wimbo mkubwa ni baraka, lakini ni baraka inayokaa mlangoni ikizuia ndugu zake wasiingie.

Sasa mtaniuliza, haya yote yanakuhusu nini wewe, kijana wa shule? Yananihusu kwa njia mbili.

Kwanza, guka wangu mwenyewe ni mpiga gitaa. Ujanani alipiga bezi katika bendi ndogo iliyotumbuiza Thika na Ruiru wikendi. Hakupata jina, lakini hakuacha. Mpaka leo anatunga. Mwaka jana alitunga wimbo kuhusu mashamba ya kahawa ya huku kwetu yanavyogeuzwa ploti na nyumba za kupangisha, na mto Theta unavyopungua. Ni wimbo wa kweli, mimi niliusikia. Kukiwa na ruracio mtaani wazee humwita. Akianza huo wake, utasikia, "Aa, mzee, tupigie za Kamaru!" Naye hupiga, maana ana adabu. Siku moja tukirudi nyumbani aliniuliza, "Kwani huyu mtu wa leo aliye ndani yangu, hana la kusema?" Sikuwa na jibu. Guka amepita miaka sabini na vidole vimeanza kumkaza. Yeye anaye Kamaru wake wa kwanza na hamtaki wa pili, na wakati huo huo watu wanamfanyia yeye vile vile. Simlaumu. Nasema tu kwamba jambo hili lina makali pande zote.

Pili, wanachama wa Chama cha Kiswahili mnajua kuwa nilipokuwa kidato cha kwanza nilitunga shairi kuhusu chakula cha bweni. Mlicheka, nami nikafurahi. Tangu hapo, kila Siku ya Wazazi naitwa nikariri lile la maharagwe. Nimeandika mengine manane. Moja lahusu mama, na nadhani ndilo bora kuliko yote. Sijawahi kuombwa. Mimi sina hata miaka kumi na minane, na tayari nina "zilizopendwa"!

Je, kuna dawa? Naamini ipo, ijapokuwa si ya siku moja. Dylan huyo huyo aliyezomewa alitoa albamu "Time Out of Mind" mwaka 1997, akiwa mtu mzima wa miaka 56, ikamletea tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Walioisikiliza walimruhusu azeeke ndani ya nyimbo zake. Na Kamaru naye ana mjukuu, aitwaye pia Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU. Huyu hutunga muziki wa kompyuta na sauti za mazingira, mbali kabisa na benga, na anaishi Berlin, Ujerumani. Amechukua taabu ya kuzitoa upya rekodi za babu yake kwenye intaneti. Kwa hivyo anayetaka kusikiliza leo ana njia, wala hahitaji River Road.

Nina mapendekezo mawili. Kwa viongozi wa Chama: katika Siku ya Kiswahili ijayo, kila mtunzi na akariri shairi moja la zamani na moja jipya, na lile jipya litangulie kabla watu hawajachoka. Kwa msomaji: mwishoni mwa muhula utakaporudi nyumbani, mtafute mzee mmoja anayeimba, anayetunga au anayesimulia, umwombe kitu cha mwaka huu. Usimwombe kile unachokijua. Mpe dakika kumi, zima simu, nyamaza. Kikikuchosha, sema, "Asante, mzee," uende zako. Angalau utakuwa umeonja kabla ya kusema tembo lina maji.

Mimi nimeanza. Kanda ile ya cucu nimeiomba, na redio ya kaseti ya guka bado yafanya kazi ukiipiga kofi kidogo. Kuna nyimbo mbili upande wa pili ambazo sizipendi hata kidogo. Kuna moja ambayo nimeirudia mara sita. Atakayetaka kuisikiliza aje tuonane wikendi ya kutoka.