Kuchungulia ndani ya mtutu

Wakati nilikuwa mtoto hapa Zongwe, baba mdogo alikuwa fundi wa pupu, ile bunduki ya kuwindia inayoshindiliwa baruti kwa mdomo wake. Mtutu wake ni bomba la chuma tu. Kazi ngumu ilikuwa kujua kama limenyooka.

Kwa nje jicho linadanganyika. Kwa hiyo alisugua bomba kwa ndani mpaka likang'aa, kisha akalielekeza dirishani, fasi alipofunga kijiti mbele ya mwangaza. Kivuli cha kijiti kiliingia bombani kama mistari. Mistari ikienda moja kwa moja, bomba ni sawa. Ikivunjika, ni hapo limepinda. Akagonga polepole, akageuza, akachungulia tena. Baadaye nilisoma kwamba mafundi wa Birmingham, Uingereza, walipima vilevile katika miaka ya 1800. Wengine mbele yao walitumia uzi uliovutwa ndani ya bomba.

Mwaka 1992 macho yake yalififia, akaniachia mimi kuchungulia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Siku moja wenzangu waliniita kwenye mpira. Niliona mstari umevunjika kidogo, lakini nikasema: «Iko sawa, baba mudogo.» Akaniamini.

Mwindaji akainunua. Risasi ikaenda pembeni, mbogo akaumia tu, akamrudilia. Yule mzee alichechemea mpaka kufa kwake. Baba mdogo hakunipiga. Alinipeleka dirishani na ule mtutu: «Uniambie kile unaona.» Nikasema, machozi yakitoka. Akarudisha feza, akakata bomba vipande vipande.

Halafu vita ya 1998 ikafika. Watu walikuja usiku kuagiza pupu. Hata mmoja hakuuliza kama mtutu umenyooka. Baba mdogo aliniambia: «Mwenye kuuliza anatafuta nyama, na nyama iko mbali. Hawa wanatafuta mutu, na mutu iko karibu.» Akafunga kazi ile kabisa, akaanza kutengeneza kinga. Njaa ilitupiga sana nyumbani, lakini hakuirudilia.

Mpaka mwisho wa maisha yake, kila gurudumu alilonyoosha alilizungusha mbele yangu, akauliza: «Iko sawa?» Nami nilimjibu kile nilichoona.