Kizimba cha Kinyonga

Kinyonga wa pembe tatu ni mjusi wa milimani. Asili yake ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru nchini Tanzania, penye mvua, ukungu na usiku wa baridi. Mtaalamu Boulenger alipomwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1896, alimpa jina la Frederick Jackson, ambaye baadaye, mwaka 1911, alikuwa Gavana wa Uganda. Wazee wengi humwogopa kinyonga, ingawa hana sumu. Ng'ambo, kwa upande mwingine, watu humfuga majumbani kwa mapenzi, na huko mara nyingi kinachomwua si ukatili bali wema usio na maarifa.

Mfugaji asiyejua humtia katika sanduku la kioo na kumwashia taa kali, akidhani kila mjusi hupenda joto. Kioo huzuia hewa, naye mnyama hudhoofika. Kizimba kimfaacho ni cha wavu, nacho kiwe kirefu kuliko upana wake, kwa kuwa kinyonga hukaa juu ya miti: yapata sentimita 60 kwa 60, na kimo cha sentimita 120. Ndani huwekwa vijiti vya unene mbalimbali na mimea isiyo na sumu. Joto la mchana lisipite sana nyuzi 27, na usiku lishuke. Jua humsaidia kujenga mifupa, lakini sharti apate kivuli cha kukimbilia. Ikiwa taa yatumika, ifungwe nje ya wavu asije akaungua. Maji ya bakuli hayatambui. Yeye hulamba matone majanini, hivyo majani yanyunyiziwe kila siku. Dume naye akae peke yake, maana akimwona dume mwenziwe hujaa hasira na hofu.

Askari anaelewa jambo hili kuliko raia wengi: mahabusu hawezi kujitafutia maji, kwa hiyo mwenye ufunguo ndiye mwenye kuulizwa. Kinyonga naye yu hivyo, tena halii wala habishi mlango. Macho yaliyodidimia husema kiu. Kinywa kilichoachama mara nyingi husema joto. Asiyesoma dalili hizo huja kugundua siku ambayo mnyama ameanguka chini ya kijiti.

Mlango wa kizimba una kazi ya pili, nayo ni kuwalinda walio nje. Mwaka 1972 vinyonga hawa walipelekwa Hawaii kwa ajili ya biashara. Walipofika wamedhoofika, mwenye duka mmoja katika kisiwa cha Oahu aliwaachia bustanini kwake wapate nguvu. Nia yake ilikuwa njema, lakini walitawanyika, wakazaana, na leo hula wadudu na konokono wa asili wa visiwa hivyo.

Basi mtoto akileta kinyonga nyumbani ndani ya kopo, mzazi asimkemee tu. Amweleze ya kuwa kumweka mnyama wa mwituni huhitaji kibali cha serikali, na kwamba tangu mwaka 1977 biashara ya vinyonga hawa kati ya nchi na nchi imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa. Kisha waende pamoja hadi kwenye kichaka alikotolewa, wamrudishe tawini. Kizimba kilicho bora kuliko vyote kwake ni kile ambacho hakikujengwa na mtu.