Pua ya Baba

Nilizaliwa Shituru, Likasi, nchini Kongo, katika kambi ya wafanyakazi, ambako asubuhi hewa hukwaruza koo kabla hujanywa chai. Shaba na kobalti huchenjuliwa kwa asidi ya salfuriki, na sisi watoto tulijua kwamba upepo umegeuka kwa kuwashwa macho. Baba alifanya kazi kwenye matangi ya kiwanda kimoja miaka mingi. Siku moja, nikiwa mwanafunzi wa elektroniki niliyepelekwa pale kujifunza kazi, alinishika mkono: "Mwana, hii hewa haiko muzuri. Tutoke." Nikamwonyesha kipimo changu cha gesi. Kilikuwa kimya. Yeye akatoka, mimi nikabaki. Dakika chache baadaye nilikuwa nje nimeinama, nakohoa, machozi yananitiririka.

Hata hivyo nilisema ni bahati. Nilimheshimu baba, lakini pua yake niliidharau.

Kilichonigeuza ni utafiti uliotoka Machi 2020. Nabil Imam wa kampuni ya Intel na Thomas Cleland wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliichukua chipu iitwayo Loihi, yenye nyuroni za bandia zipatazo 130,000, wakaipangia kazi kwa kuiga sehemu ya ubongo inayopokea habari za pua. Wakailisha rekodi za vihisi 72 vya kemikali. Chipu ikajifunza kutambua kemikali 10 za hatari, zikiwemo amonia na asetoni, kila moja kwa kuonjeshwa mara moja tu, na ikaendelea kuzitambua hata zilipofunikwa na harufu nyingine.

Nilisoma maelezo yale usiku kucha. Kipimo changu kilitengenezwa kwa gesi moja. Ikipita nyingine, ni kiziwi. Pua haiko hivyo. Binadamu ana aina kama 400 za vipokezi vya harufu, na harufu moja huamsha vingi kwa pamoja: hiki sana, kile kidogo, kingine kimelala. Ubongo husoma mpangilio huo. Ndani ya Loihi habari ya harufu imo katika wakati wa mapigo madogo ya umeme, lipi limetangulia na lipi limefuata, kama wapigaji ngoma wanaopokezana. Nikakumbuka kwamba sisi wasemaji wa Kiswahili tangu zamani husema tunasikia harufu.

Baba alikuwa ameisikia.

Leo natengeneza vipimo vya gesi Kikula, hapa hapa Likasi. Chipu kama Loihi sina, kwa hiyo nimeunganisha vihisi sita vya bei nafuu na programu inayoiga mapigo hayo kwenye kompyuta ya kawaida. Kazi ni ngumu. Joto na vumbi hubadilisha vihisi, na ulichojifunza mwezi uliopita mtambo hukipoteza. Ningehitaji mtu wa kunusa pamoja nao, aniambie hii ni asidi, hii ni waya unaoungua, hii ni hatari hata kama haina jina.

Nilipomwendea baba, nilikuwa nimechelewa. Hasikii harufu tena. Mama akipika sombe, baba humwuliza kama imeiva.

Ewe unayesoma haya, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye asidi na pua yake bado inasikia, kaa naye wiki hii uandike kila anachokutajia.