Mtumbwi wa Mkwe, Ziwa la Msimu

Wapendanao wengi wakifika Karatu hukimbilia kreta ya Ngorongoro. Mimi na mume wangu tulikata kona, tukateremka na vumbi hadi Mang'ola, ukweni, kukarabati mtumbwi wa mbao aliouacha marehemu baba mkwe. Hela ya fenicha mpya ikaishia humo.

Kazi si mchezo! Tuling'oa mbao zilizooza, tukakalafati nyufa kwa pamba na mafuta. Vyuma vya kushikia mbao alitufulia mhunzi wa Kidatoga, fundi wa vichwa vya mishale ya Wahadzabe.

Utata ni Ziwa Eyasi lenyewe. Lina magadi, kina kidogo, na hakuna mto unaotoka. Kiangazi hukauka sehemu kubwa. Mvua zikizidi, kambare na perege hurudi. Mashamba ya vitunguu hunywa maji ya chemchemi, mtumbwi husubiri mvua.

"Mama, tunatengeneza mtumbwi wa kukaa juani?" niliuliza.

"Mwanangu, maji yakija hayamsubiri fundi," mama mkwe akajibu.

Nikashika pamba tena. Na nyie wawili, zibeni nyufa zenu wakati wa kiangazi.