Magunzi ya Bibi

Gunia la magunzi nilisafiri nalo kwa basi kutoka Songea. Kondakta alicheka: "Dada, huko uendako hakuna mkaa?" Nikamwambia ni utafiti wa shahada ya uzamili. Nauli ya mzigo alinitoza vilevile.

Bibi yangu wa Lizaboni huwashia moto magunzi. Mimi nilitaka yasaidie umeme kuyatenganisha maji ili tupate haidrojeni. Kichocheo kinachosifika kwa kazi hiyo ni platinamu, ambayo bei yake naijua kwa kuambiwa tu.

Niliyasaga, nikayaoka kwa nyuzi 800 ndani ya naitrojeni, maana yakipata hewa ya kawaida yanakuwa majivu. Unga mweusi nikaupaka kwenye elektrodi, nikaitumbukiza katika asidi ya salfuriki. Siku ya kwanza ulidai milivolti 410 za ziada ndipo mkondo ufike nilipotaka. Zikiwa chache ndiyo vizuri, kwa hiyo ilikuwa aibu. Nikaiacha mashine ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi: 130.

Nilimpigia bibi kabla ya msimamizi wangu.

"Shikamoo bibi. Magunzi yako yamefaulu!"

"Marahaba mjukuu wangu. Sasa hiyo gesi tutaipikia lini?"

Wiki mbili baadaye mwenzangu wa maabara aliuliza, hata hakuinua macho kwenye simu yake: "Elektrodi yako ya pili ni ya nini?"

Ilikuwa waya wa platinamu. Katika asidi, waya ule huyeyuka kidogo kidogo, chembe zake zikahamia kwenye kaboni. Usiku kucha nilikuwa naipaka kaboni yangu platinamu, kisha naisifia magunzi. (Onyo hilo limo katika makala niliyoipakua mwaka wa kwanza. Sikuimaliza.) Nikaweka fimbo ya grafiti badala ya waya. 405.

Ile 130 ilikuwa tayari kwenye sura ya nne, na msimamizi alikuwa ameipigia mstari kwa furaha. Hakuna ambaye angeuliza tena. Siku ya tatu nilimpelekea michoro yote miwili, wa waya na wa grafiti. Aliitazama muda mrefu, akasema nitachelewa kuhitimu.

Kumwambia bibi kulikuwa kugumu zaidi.

"Ulikuwa ni waya, bibi. Si magunzi."

Kimya. Nikasikia kuku wake.

"Kwa hiyo niyachome haya mengine?"

"Hapana. Nataka kuyaoka pamoja na urea."

"Urea ya mbolea?"

"Hiyohiyo. Naitrojeni yake ikiingia kwenye kaboni, huenda ikasaidia."

"Basi uje nayo na ya shamba," akasema.