Mnada wa Gizani

Scarborough, Kanada

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi la alfajiri, natoka zamu ya usiku kule ninakotunza wazee, barafu imeziba vioo hata nje sioni. Mara ya pili nilikuwa jikoni. Mara ya tatu nilimwekea baba watoto, akacheka pale uliposema, "Miaka tisa Ulaya na bado mnapanga?" (Kwako wewe Kanada nayo ni Ulaya. Nimeshaacha kukusahihisha.) Lakini kuna mahali pengine katika ujumbe huo ambapo hakucheka, wala mimi sikucheka. Nitafika huko. Kwanza nikujibu hilo la kupanga.

Wewe ni fundi mwashi. Tangu Kishapu ikatwe kutoka Shinyanga Vijijini mwaka 2002 na Mhunze iwe makao makuu ya wilaya, sijui ni nyumba ngapi za watumishi zimepita mikononi mwako. Kwako nyumba ni kitu kinachokua. Mtu anapata kiwanja, anachimba msingi, anainua kuta, boma linasimama hata miaka minne likinyeshewa. Pamba ikikubali, anapaua. Mkopo wa kazini ukitoka, anapiga lipu. Anahamia kabla ya dari, chumba kimoja kina sakafu na vingine ni vumbi, na hakuna anayemcheka, kwa sababu na wewe unayecheka lako limesimama kwenye lenta.

Huku hakuna boma. Nimejaribu kulieleza neno hilo kwa wenzangu kazini nikashindwa. Nikiwaambia ni nyumba isiyo na paa, wanadhani imeungua. Mtu wa kawaida huku hajengi, ananunua nyumba iliyokwisha, siku moja, kwa fedha ya benki, kisha anadaiwa miaka 25. Ndiyo maana swali lako la "mmejenga?" huwa nashindwa kulijibu. Sijawahi hata kuulizwa na mtu wa huku.

Tulianza kutafuta mwishoni mwa mwaka 2021. Tulikuwa na kianzio cha dola 70,000, akiba ya miaka kadhaa, mwenzangu akiendesha lori usiku na mimi nikibeba zamu mbili. Tulijiona matajiri. Hatukujua tumeingia sokoni wakati mbaya kuliko wote. Benki Kuu ya Kanada ilikuwa imeshusha riba yake hadi asilimia 0.25 tangu korona ilipoanza, mikopo ikawa rahisi, kila mwenye mshahara akataka nyumba, na kila mwenye nyumba moja akataka ya pili ya kupangisha. Februari 2022 bei ya wastani ya nyumba katika Toronto na miji inayoizunguka ilipita dola za Kanada 1,330,000. Kwa kiwango cha fedha cha siku zile ni kama shilingi bilioni 2.4. Na hiyo ni bei ya wastani, mjomba, siyo ya hekalu. Tena kwa nyumba iliyofika dola milioni moja, sheria ya wakati huo ilidai kianzio cha asilimia 20, yaani dola 200,000 taslimu kabla benki haijafungua mdomo. Kwa hiyo Toronto yenyewe tukaiacha, tukaenda Oshawa, mji wa viwanda vya magari mashariki mwa hapa.

Sasa sikiliza jinsi nyumba inavyouzwa.

Nyumba imeandikwa dola 699,000. Wewe unadhani hiyo ni bei. Siyo bei, ni chambo. Wameishusha makusudi ili watu wajae. Dalali (na huku madalali wana leseni na suti, lakini ni madalali) anatangaza kwamba ofa zote zitafunguliwa Jumanne saa moja jioni. Wiki nzima watu wanapita kuangalia, mnavua viatu mlangoni, mnapishana kwenye ngazi na watu msiowajua, kila mmoja anajifanya hakupendezwa. Jumanne ikifika unaandika namba yako kwenye karatasi na kuituma. Sisi tulipotuma, waliotuma walikuwa 17. Idadi unaambiwa, ndiyo kanuni. Walichoandika wenzako huambiwi.

Nilikumbuka ulivyokuwa unanichukua mnadani nikiwa mdogo. Ng'ombe anasimama katikati, mnunuzi anamshika mgongo, anataja bei, muuzaji anakataa, mwingine anaongeza, na wote mnaonana uso kwa uso. Ukishindwa, umeshindwa na mtu mwenye kofia ile pale. Huku unashindana na giza. Saa mbili usiku dalali wetu, mama mmoja wa Nakuru, akapiga simu: "Mko karibu, ongezeni kidogo." Karibu na nani? Hajui. Kidogo kiasi gani? Hajui. Tulikuwa tumeandika 765,000, tukapandisha hadi 790,000 tukiwa tumekaa sakafuni jikoni. Hatukujua kama tunampita mwenzetu au tunajipita wenyewe. Iliondoka kwa 871,000.

Mnada wa namna hii sisi watu wa Kishapu hatupaswi kuushangaa. Lile jiwe la waridi la mgodi wa Mwadui la karati 32.32, lililouzwa mwishoni mwa mwaka 2021 kwa dola milioni 13.8 za Marekani, lilikwenda kwa zabuni. Lakini lile ni almasi, na wanaolitaka ni wafanyabiashara wenye vioo vya kukuzia machoni. Mimi nilikuwa nataka mahali pa kulaza watoto wawili.

Tulijaribu mara tano. Mara ya tatu mwenzangu aliandika barua kwa mwenye nyumba akaambatanisha na picha ya watoto. Haikusaidia, na baadaye niliona aibu. Mara ya nne mtu mmoja alipeleka ofa ya ubabe, yaani kabla ya siku iliyotangazwa, na akataka ajibiwe ndani ya saa chache. Sisi tulikuwa kazini. Mara ya tano dalali alituambia ukweli ambao nadhani alikuwa anauogopa: tukitaka kushinda, ofa iwe safi. Safi maana yake haina masharti. Usiseme kwanza benki ikubali. Usiseme kwanza fundi akague.

Hapo, mjomba, ndipo nilipokuona wewe. Nilikuona unazunguka nyumba ya mtu kimya, unagonga ukuta kwa kisigino cha mwiko, unachuchumaa kuangalia msingi, unachukua udongo unausugua vidoleni. Ulinifundisha kabla sijaanza shule kwamba luseni ya mchanga na mbuga si ardhi moja, kwamba ile mbuga nyeusi inavimba masika na kupasuka kiangazi, na ukuta uliosimama juu yake utapasuka nayo hata ukiweka nondo za dunia nzima. Na huku naambiwa ninunue nyumba ya miaka 60, ya dola laki nane, bila fundi kuingia chini kutazama maji yanapita wapi. Watu walikuwa wanafanya hivyo kila Jumanne.

Sisi tulikataa. Sisemi kwa kujisifu, tuliogopa tu. Na ilikuwa bahati, maana kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ilianza kupandisha riba, na kufikia Julai 2023 ilikuwa asilimia 5. Piga hesabu na mimi: mkopo wa dola 700,000 wa miaka 25, kwa riba ya asilimia 2, unalipa karibu dola 3,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 6 unalipa kama 4,500. Nyumba ni ileile, ukuta uleule. Jamaa mmoja tunayesali naye alisaini Februari, akatakiwa kumaliza malipo Juni, benki ikaja ikaithamini nyumba pungufu ya bei aliyoahidi. Tofauti ilibidi aijaze mwenyewe. Aliuza gari, akakopa kwa ndugu watatu, mpaka leo hakai kanisani baada ya ibada kwa sababu mmoja wa hao ndugu anasali hapo.

Utasema, basi bei ziliposhuka mlinunua. Zilishuka kweli. Lakini benki huku haikupimi kwa riba utakayolipa, inakupima kwa riba hiyo ukiongeza pointi mbili, ione kama utahimili. Kwa hiyo bei ilipotuteremkia, mkopo tunaoruhusiwa nao ukateremka. Ni kama kuchota maji kisimani: maji yamepanda na kamba imekatwa.

Serikali nayo ilitafuta mchawi. Kuanzia Januari 1, 2023 ikapiga marufuku watu wasio raia wala wakaazi wa kudumu kununua nyumba za kuishi, na marufuku hiyo imeongezwa hadi mwanzo wa mwaka 2027. Sisi haikutugusa, tuna ukaazi wa kudumu. Niliposikia nilicheka kidogo, maana kwetu sheria ya ardhi ya mwaka 1999 ilishamwambia mgeni kwamba ardhi hapati ila kwa uwekezaji. Lakini ukweli ni kwamba wageni wa aina hiyo walikuwa sehemu ndogo ya wanunuzi. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa karibu: nyumba hazitoshi, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mitaa ya Toronto ilizuiwa kujengwa chochote zaidi ya nyumba ya familia moja. Yaani kile unachokifanya wewe kila mwezi, kumwongezea mtu vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, huku kilikuwa kosa. Jiji liliruhusu nyumba za familia nne kila mtaa mwezi Mei 2023. Na Desemba mwaka huohuo mkoa wa Ontario ukasema mwenye nyumba akipenda anaweza kuwaonyesha wanunuzi ofa za wenzao. Akipenda. Sijakutana na aliyependa.

Hivyo ndivyo tunavyopanga, mjomba. Vyumba viwili, ghorofa ya tisa, lifti inayogoma Ijumaa. Siyo pabaya. Tulianzia chini ya nyumba ya mtu, dirisha usawa wa ardhi, miaka miwili tukiona miguu tu ya wapitao. Mwenzangu alikuwa akisema tumekuja kuwa wabeshi, wale wavamizi wa mgodi wa Mwadui, tunaishi shimoni kwenye eneo la mwenyewe na tunasikiliza hatua zake juu.

Sasa nije kwenye pale tuliposhindwa kucheka.

Ulisema kile kiwanja cha upande wa njia ya Maganzo tumekipata. Ukasema, kwa furaha kabisa, na furaha yako naijua: "Yule mwalimu tumemshinda." Ukaeleza kwamba mwalimu alikuwa amepatana na mzee mwenye kiwanja shilingi milioni mbili na nusu, alipe kwa awamu kila mshahara ukitoka. Kisha mzee akasikia kwamba mnunuzi mwingine ni mpwa wako wa Kanada, akasema milioni nne, taslimu. Na wewe ukampa ile milioni moja niliyokuwa nimekutumia, ukamwambia sawa, iliyobaki itatumwa.

Mjomba, nilizima simu nikakaa kitandani. Mwalimu hakuambiwa niliandika namba gani. Alijua tu kwamba kuna mtu, mbali, ambaye hamwoni, mwenye fedha ya haraka. Mimi ndiye niliyekuwa lile giza.

Haya tumeyaona kwenye dhahabu. Rashi ikitokea Mwakitolyo au machimbo ya Geita, chumba cha udongo kinapanda bei, na aliyekuwa anakaa pale kwa amani anaambiwa ahame ampishe mwenye hela ya mfukoni. Tuliwalaumu wachimbaji. Sasa wachimbaji ni sisi, tunachimba huku na kupandisha bei huko. Kuna wenzetu walioshika uraia wa hapa na kupoteza wa kwetu ambao walifurahi sana mwaka 2025 Bunge letu lilipopitisha hadhi maalumu kwa diaspora ili nao waweze kumiliki ardhi. Nawafurahia kwa moyo wote. Ila najua kitakachotokea kwenye bei ya kiwanja siku wakishuka na dola zao.

Sikulaumu. Nilikuagiza kiwanja mimi, ukakitafuta. Najua pia ulisimama na mimi kwenye kikao cha ukoo waliposema mtoto wa kike kiwanja cha nini, ataolewa. Hilo silisahau, na kiwanja bado nakitaka. Siyo hiki.

Kwa hiyo naomba uende kwa mzee jioni, na mwenyekiti wa kitongoji awepo. Mwambie mpwa wako amejitoa, na bei irudi milioni mbili na nusu kama alivyopatana na mwalimu. Ile milioni moja niliyotuma ya utangulizi, asiirudishe. Ihesabiwe kuwa mwalimu ameshailipa, naye atakurudishia wewe kidogo kidogo, bila riba, kwa mwaka au hata miwili. Mzee akikataa, nipigie, nitaongea naye mimi mwenyewe. Na mwalimu asielezwe kwamba ni msaada. Mwambie tu mnunuzi wa Kanada amebadili mawazo.

Kikitokea kingine, usinitaje. Sema ni chako. Na usilipe hata shilingi kabla hujachimba shimo la futi tatu uone chini kuna nini: kama ni mbuga, achana nacho, hata kiwe kando ya lami.



Mpwa wako.