Nikiingojea Jumamosi ya Mkwakwani

Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, Coastal Union itawakaribisha Yanga katika Uwanja wa Mkwakwani, hapa Tanga. Tangu Jumatatu kalamu yangu ofisini imekuwa nzito. Jalada moja nimelifunua mara tatu bila ya kujua limeandikwa nini, hata karani mwenzangu, ambaye hana timu, ameniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Ndugu msomaji, usidhani kuwa naogopa kufungwa. Kufungwa tumekuzoea. Yanga ni klabu ya mwaka 1935, yenye mali na umati. Sisi tulianza mwaka 1948, na ubingwa wetu ni ule wa mwaka 1988, ambao wazee wa Ngamiani huusimulia kana kwamba ulipatikana juzi baada ya swala ya Alasiri. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Msimu wa 2023/24 tulipomaliza katika nafasi ya nne, niliona watu wazima wakikumbatiana barabarani, nami nikiwa mmoja wao, ingawa mtumishi wa umma hutazamiwa kuwa na haya.

Ninaloliogopa ni jukwaa. Zamani mpira wa Tanga ulikuwa ugomvi wa nyumbani. Coastal Union na African Sports walitaniana kama mabinamu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kula sahani mbalimbali siku ya mchezo, na siku ya msiba wakashika jeneza moja. Klabu ilikuwa baraza: hapo palipangwa harusi, hapo palichangwa sanda. Siku hizi Yanga au Simba wakija, mtoto aliyezaliwa Tanga na kulelewa kwa samaki wa Tanga huvaa rangi za Dar es Salaam, akamzomea jirani yake. Sijui nimlaumu nani. Redio ilianza, televisheni ikamaliza. Na kijana humwendea mshindi kama kumbikumbi aiendeavyo taa.

Mwanangu ni mmoja wao. Mara ya mwisho Yanga walipokuja, aliruka mbele yangu kwa bao lao la pili, nami nikamwambia, watu wakisikia, kwamba hana kwao. Tulirudi nyumbani yeye akipita upande wa kulia wa barabara, mimi wa kushoto. Tangu siku hiyo hunipigia simu, huniamkia, hunipa habari za kazi yake. Lakini mpira hatuutaji. Mimi niliyezoea kuhesabu mizani ya kila mshororo, neno lile sikulipima.

Juzi ameleta habari kuwa atakuja kwa basi la mashabiki kutoka Dar es Salaam. Hakusema atakaa wapi, nami sikumwuliza. Nimenunua tiketi mbili za upande wetu, nikazitia ndani ya kitabu kabatini. Akikaa nami na fulana yake ya njano na kijani, wenzangu watanitania mpaka Ramadhani, na watanie. Coastal ishinde: dua hiyo siipunguzi, hata kwa ajili ya mtoto. Mama yake ameuliza apike kiasi gani. Nimemwambia apike wali wa nazi na samaki wa kupaka, wa kuwatosha na wenzake wa kwenye basi.